Mafuvu ya Kabati la Baiolojia

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Tausi Shehe
Umri: Miaka 41
Kazi: Mwalimu wa baiolojia, sekondari ya binafsi, Pongwe
Makazi: Usagara, Tanga

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, na nimeelewa.

Mwalimu Rahimu, mliyemlaza mahabusu jana, anafundisha dini shuleni kwetu. Mwezi Aprili bodi ya shule iliamua kwamba kila nikifundisha mageuko ya viumbe kidato cha nne, naye aingie aeleze upande wa pili, kuumbwa kwa Nabii Adamu. Nilipinga kikaoni. Nilisema kile ni kipindi cha sayansi na dini ina kipindi chake. Sikusikilizwa. Lakini afande, kilichoniuma zaidi ni wivu, na uandike hivyo hivyo. Miaka yote nafundisha mada ile wanafunzi wanasinzia. Akiingia yeye, hata kidato cha tatu wanajazana madirishani. Na kila asubuhi ananipa shikamoo kama bibi yake.

Ili nisifunikwe, nilitengeneza mafuvu matatu ya plasta, ya binadamu wa kale. Nikawaambia darasani, "Hawa ndio wazee wetu." Kisha nikayafungia kabatini.

Mnamo tarehe 14 Mei 2025, saa kumi jioni, nikiwa maabara, nilisikia watu nyuma ya ukuta. Nikachungulia dirishani. Alikuwepo Zuwena, kiranja wa darasa, ambaye ana ufunguo wa kabati, na wenzake wanne na jembe. Walikuwa wamemwita Mwalimu Rahimu.

Zuwena alimwambia, "Mwalimu Tausi katwambia hawa ni wazee wetu. Mzee hawekwi kabatini. Tushawavika sanda, tushawazika, twataka dua tu."

Rahimu hakucheka. Alisema, "Hii ni plasta, wanangu. Mwalimu wenu kaifinyanga kwa mikono yake. Nendeni nyumbani, nitairudisha mimi."

Akabaki anafukua peke yake. Mlinzi alimkuta na mafuvu yana udongo, akapiga kelele za mwizi, na mkuu wa shule akawapigieni simu. Rahimu hakuwataja watoto.

Mimi nilikuwa pale pale dirishani, nikanyamaza. Kumbe watoto wale walikuwa wananisikiliza. Waliniamini mpaka wakachimba kaburi, lakini dua wakaenda kuiomba kwake. Alipopakiwa kwenye gari lenu nilisikia raha. Asubuhi raha hiyo haikuwepo tena.

Rahimu hakuiba kitu. Watoto nao wasiguswe, walidhani wanatenda wema.

Nimesomewa yote niliyoyasema, ni yangu, na hakuna aliyenishurutisha.

Sahihi: T. Shehe

Yameandikwa nami, WP Koplo Bertha, tarehe 15 Mei 2025, saa mbili na nusu asubuhi. Nilimuuliza shahidi kama ana la kuongeza. Alijibu: "Mwachieni aende leo hii. Ila darasani kwangu asirudi."