Nilivyomkataza Stelia Kuimba

Kibaoni, Ifakara
Mei, 1996

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko? Najua miezi hii ukungu wa Mbinga haubanduki mpaka saa nne, na wewe hukubali kukaa ndani. Sisi huku hatujambo, isipokuwa Oswin aliugua malaria. Sasa amepona na anakula kunishinda mimi.

Fausta, mdogo wangu, najua wewe ndiye unayemsomea mama. Nakuomba usiruke mahali popote, hata ukiona haya kwa ajili yangu.

Mama, katika barua yenu mliuliza mbona Stelia siku hizi haandiki tena habari za kwaya. Sababu ni mimi. Nilimkataza mke wangu kuimba.

Nianze tulipofika. Unakumbuka nilipopata uhamisho nilikuambia bwana shamba ni bwana shamba popote. Si kweli. Mimi nilijifunza kahawa, na hapa ni mpunga mtupu hadi macho yanapokoma. Wakulima wa kijiji cha Mofu wananisikiliza kwa adabu, wanaitikia, "Ndiyo, bwana shamba," kisha wanapanda kama walivyopanda babu zao. Na mara nyingi wao ndio walio sahihi.

Stelia na watoto hawakupata shida hiyo. Jumapili ya kwanza tulikaa benchi la nyuma. Wimbo wa kuingia ulipoanza, Stelia akashika sauti ya pili, Kandida akamfuata, Oswin naye akapanda juu yao, kama vile wako jikoni kwetu. Watu wakageuka. Baada ya misa mwalimu wa kwaya, mzee mfupi mwenye sauti nzito, alikuwa anatungoja mlangoni. Akawapa mkono wote watatu, akanifikia mimi.

"Na baba, unaimba sauti gani?"

"Mimi nimewaleta tu," nikasema. Akacheka, nami nikacheka.

Kabla mwezi haujaisha Stelia alikuwa ameshonewa sare, na watoto wanamfuata mazoezini. Shuleni, Kandida akapewa ngoma kubwa ya bendi, Oswin akapewa filimbi. Wenzake waliokuwa wakimcheka kwa matamshi yake ya Kimatengo wakaanza kuja kumwita mlangoni. Mimi mtaani nikawa "baba yake yule binti wa ngoma". Jina langu hawalijui mpaka leo.

Pikipiki ya ofisi haina mafuta, kwa hiyo Jumatatu natoka kwa baiskeli kwenda Mofu, nalala huko, narudi Alhamisi jioni. Alhamisi ni siku ya mazoezi. Nilikuwa nafika nimechoka, matope hadi magotini, mlango umefungwa, ufunguo uko kwa jirani. Wali umefunikwa kwa sahani. Nakaa uani nakula, na upepo ukitoka upande wa kanisa nasikia wanarudia mstari mmoja mara kumi. Sauti ya Stelia naijua hata ikiwa katikati ya watu hamsini. Baadaye wanarudi wakichekelea mambo ya huko. Nikiuliza wanacheka nini wananieleza vizuri tu, lakini kichekesho kikishaelezwa kinakuwa kimekufa.

Nilipaswa kusema kwamba inaniuma. Sikusema. Basi baada ya Pasaka Stelia akaniambia kwaya imealikwa Mlimba. Watapanda treni, watakaa siku mbili, naye amepewa kuanzisha wimbo wa komunyo. Alikuwa anatabasamu.

"Huendi," nikasema.

"Kwa nini, baba Kandida?"

"Na hayo mazoezi pia basi. Mwanamke gani anafunga nyumba kila Alhamisi?"

Alinitazama. Alikunja sare yake, akampa Kandida airudishe kwa mwalimu.

Mama, nilipata nilichotaka. Alhamisi iliyofuata nilikuta mlango wazi, chakula cha moto, wote watatu wapo. Na sijawahi kuwa mpweke kama siku ile. Hakuna aliyenuna. Walinipokea mizigo, wakanitengea maji ya kuoga. Ila hakuna aliyeimba, wala akiosha vyombo, wala akichambua mchele. Wiki tatu. Kwaya ikaenda Mlimba ikarudi, na ule wimbo akauanzisha mwingine.

Siku moja nilikuwa chumbani nabadilisha shati. Oswin alikuwa anachochea moto, akajisahau, akaanza kuimba chinichini. Nikamsikia Kandida: "Nyamaza, baba yupo."

Nilikaa kitandani na shati mkononi. Kisha nikalivaa, nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu wa kwaya. Nilimkuta anamwagilia mchicha wake. Nikamwomba radhi, nikamsihi amrudishe mke wangu. Akaweka ndoo chini.

"Bwana shamba, mimi sikumtoa. Nafasi yake ipo. Kaongee naye mwenyewe."

Nikarudi, nikamwambia Stelia mbele ya watoto kwamba nimekosa. Alikuwa anapepeta, akaendelea kupepeta.

"Ulikuwa na wivu?" akauliza.

"Nilikuwa mpweke."

Ndipo nikamweleza jambo ambalo kwa miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumweleza: kwamba marehemu baba, alipokuwa anaongoza kwaya ya misheni, alinipanga mstari mmoja na ndugu zangu, akaniambia nifungue mdomo tu, nisitoe sauti. Na nilifungua mdomo hivyo kila Jumapili, mpaka nilipomaliza darasa la saba.

Stelia akauweka ungo chini. "Mimi nilidhani hupendi nyimbo," akasema. "Miaka yote hii nimekuwa nikiimba nikijua nakuudhi."

Amerudi kwaya. Leo ni Jumamosi, wako wote kwenye mazoezi ya ziada ya Pentekoste, mimi niko uani naandika. Sitakudanganya kwamba upweke umekwisha. Upo. Ila sasa Stelia anajua kwamba upo, na mzigo huo si wake.

Juzi nikitoka Mofu nilifika mahali ambapo sikuona mtu. Mpunga umeiva pande zote mbili za njia. Nikajaribu, mama. Ubeti mmoja, juu ya baiskeli, kwa sauti yote. Kumbe palikuwa na bibi juu ya dungu lake la miti, anawinga ndege wasile mpunga. Akapiga debe kwa nguvu. Sijui alikuwa ananiitikia au ananifukuza pamoja na ndege. Nilimpigia shikamoo, nikakanyaga pedali haraka.

Nisalimie kaka anayetunza mibuni ya baba, na shangazi wa ng'ambo ya mto, na mama mkwe wangu. Huyo mwambie binti yake hajambo na sare anayo.

Nina swali moja. Baba alinisikia kwa sikio la mwalimu. Lakini wewe ulikuwa unasimama karibu yangu, sauti ya kwanza, tangu nikiwa mdogo wa kushika nguo yako. Kabla hajaniambia ninyamaze, nilikuwa naimbaje? Uniambie kweli, mama. Nimeshakuwa mtu mzima.

Mwanao wa tatu,
Anselm