Bwana Soma-Tena

Temeke, Dar es Salaam
9 Juni 1954

Kwa ndugu yangu Mwalimu Theonest,

Shikamoo yako niliikuta ndani ya barua ya mwezi uliopita, nami naiitikia marahaba, marahaba sana. Natumaini huko Bukoba mvua zimewaachia nafasi ya kuanika kahawa, na kifua kilichokusumbua mwaka jana kimetulia. Nisalimie Mama Rosalia wa nyumbani kwako pamoja na watoto wote. Huku Temeke mimi na mke wangu Chausiku tunaendelea. Macho yangu yamepungua nguvu, na magoti hulalamika ninapoinuka kutoka kwenye mkeka wa sala, lakini kwa umri wangu hizo si habari.

Mkebe wa kahawa ya kutafuna umefika salama, kama ulivyofika kila mwaka tangu 1938. Mwaka huu sijaufungua. Uko juu ya kabati, na Chausiku ameniuliza mara mbili kwa nini siugusi. Sababu nitakueleza, ila uniruhusu nianzie mbali kidogo. Tabia yangu unaijua.

Umeniandikia kwamba Genoveva, binti wa marehemu kaka yako Gaspar, amechumbiwa, na wazee wa upande wa kijana wamesita. Wamesema hawawezi kuchukua binti wa mtu aliyemwua mama mwenye nyumba wake, tena akakiri polisi kwa kinywa chake. Wamewapa hadi mwisho wa mwezi huu mlete neno jingine, kama mnalo. Shemeji yako Kokuberwa, mjane wake, hajaamini hata siku moja, lakini hana la kuwajibu. Basi ukaniuliza mimi, niliyeketi na Gaspar siku ile na kuyaandika maelezo yake, kama kweli aliyasema maneno hayo.

Wewe ni mwalimu, lakini kazi ya polisi hukuisomea, kwa hiyo nitakufafanulia. Mtu akikamatwa, kwanza huambiwa sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa. Kisha huonywa kwamba halazimiki kusema neno lolote, na kwamba atakalolisema litaandikwa. Akikubali kusema, karani huandika maneno ya mtu huyo, si ya karani, hata kama Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Akimaliza humsomea yote tena kwa sauti, ili aongeze au arekebishe, ndipo aweke sahihi au dole gumba. Chini ya hapo karani huandika kwamba maelezo yamesomwa tena na mwenyewe amekubali kuwa ni sahihi, akatia jina lake. Ni kwa karatasi hiyo mkuu wa kituo huamua. Kama kosa si la kuua, na yupo mtu mwaminifu wa kumdhamini, mshitakiwa hurudi kulala kwake na kuja siku ya mahakama. Kama ni la kuua, kituoni hakuna dhamana, hata aje nani.

Vijana niliowafundisha kazi hiyo miaka ya baadaye walinipachika jina la Bwana Soma-Tena. Nilikuwa nawarudisha kwa mahabusu mara mbili, mara tatu, wamsomee. Walinitania nikinywa chai, wakiniuliza, "Mzee, umeshaisomea tena?" Nilicheka nao. Hakuna aliyeniuliza nilijifunza wapi ukali ule.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne, Agosti 1937. Gaspar alipanga chumba cha mwisho katika nyumba ya Bi Mauwa, mjane wa Kinondoni, na alifanya useremala kwenye banda la Mzee Projestus, ambaye unamfahamu. Uani kwa Bi Mauwa kulikuwa na kisima kipana, ukingo wake mawe mafupi. Jumapili iliyotangulia Gaspar alioshea pale vyungu vyake vya pombe ya ndizi. Bi Mauwa akamwambia mbele ya wapangaji wote kwamba maji yale ni ya watu kutawadhia, si ya kuloweka ulevi wa bara. Gaspar akamjibu, "Mama, ulimi wako mzito kuliko ndoo, siku moja utakuvuta humo ndani." Walicheka wote, na Bi Mauwa mwenyewe alicheka, akamwita mshenzi wake.

Jumanne asubuhi hakuna aliyecheka. Majirani waliitwa na kelele za Gaspar, wakamkuta ameketi kando ya kisima, amelowa mwili mzima, kichwa cha Bi Mauwa kiko mapajani mwake, naye Bi Mauwa ameshakufa. Mmoja akakumbusha maneno ya Jumapili. Wapwa zake marehemu wakamfunga Gaspar mikono kwa kamba ya ndoo ileile, wakamleta kituoni kwetu.

Nilimweleza sababu ya kukamatwa, nikamwonya kama ipasavyo. Akasema hana cha kuficha. Alizungumza polepole, akitafuta maneno, nami nikaandika ukurasa mmoja na nusu. Nje gari la Inspekta lilikuwa linanguruma, maana karatasi zilitakiwa mjini kabla ya saa kumi, na dereva alishapiga honi mara mbili. Nikampa Gaspar kidau cha wino, akaweka dole gumba. Nikaandika chini yake kwamba nimemsomea naye amekubali. Sikuwa nimemsomea.

Inspekta, Mzungu aliyejifunza Kiswahili vitabuni, alisoma huku kidole chake kikifuata mistari. Kikafika mahali kikasimama. Akasema huyu amekiri. Nilishangaa, maana sikukumbuka kusikia kukiri, na nilitaka kuiangalia karatasi. Lakini akaniuliza kama nimemsomea, nikajibu ndiyo, na baada ya jibu hilo sikuwa tena na njia ya kuiomba. Kosa likaandikwa kuwa ni la kuua, na Gaspar akafungiwa. Lingeandikwa kuwa kifo kinachochunguzwa, angelala kwake siku hiyohiyo.

Kesho yake asubuhi Mzee Projestus alikuja kumdhamini. Alivaa koti lake la kanisani, mfukoni ana barua ya padri. Nikamweleza kwamba amekiri kuua, na kosa hilo halina dhamana. Akaomba angalau ajue kijana wake alisema nini. Karatasi ilikuwa imerudi kutoka mjini kunakiliwa, nikaitoa, nikamsomea kwa sauti. Nilipofika katikati akanishika mkono, akasema, "Mbona hilo ndilo alilolisema hata kule kwa Bi Mauwa? Kukiri kuko wapi?" Nikainamisha macho kwenye mstari niliokuwa nimeusoma, na hapo ndipo nilipokiona nilichokiandika.

Theonest, mimi nilisoma kwa Wajerumani. Mwalimu wetu hakuweza kuitamka w yetu. Midomo yake iliitoa kama v. Akitusomea imla alisema "vatu vote", nasi tulichapwa mpaka tukaandika "watu wote". Kwa hiyo mkono wangu ulizoea tangu utotoni kwamba sikio likisikia v, kalamu iandike w. Waingereza walipokuja nilijirekebisha, lakini nikiandika kwa haraka mkono ulirudi kulekule ulikofundishwa.

Kaka yako alikulia ziwani akivua samaki pamoja na baba yenu. Mtu wa pwani angesema "nilimwopoa", na mambo yangeishia hapo. Yeye alitumia neno alilokuwa nalo. Alisema: Nilimvua kisimani, nikamlaza chini, nikapiga kelele watu waje. Mimi nikaandika: Nilimwua kisimani. Kinywa changu, kwa kuwa kiliujua mwandiko wangu na kilikumbuka sauti yake, kilimsomea Projestus sawasawa kama Gaspar alivyosema. Macho ya Inspekta yalisoma kilichoandikwa.

Kosa la herufi ningeweza kukuandikia zamani, na ungenisamehe. Linalofuata ndilo lililonifunga mdomo miaka kumi na saba. Projestus alikuwa bado amenishika mkono. Ningeweza kwenda kwa Inspekta saa ileile. Lakini angeniuliza, kama ulimsomea, ilikuwaje asilisikie? Sahihi yangu ilikuwa pale chini, nayo ilikuwa ya uongo. Ningefukuzwa, labda ningefungwa. Basi nikamwambia Projestus kwamba nimekosea kusoma, macho yameteleza, maneno yake hasa ni "nilimwua". Nikamwonyesha kwa kidole. Naye alijua kusoma. Aliitazama karatasi muda mrefu, akavua kofia, akaondoka. Ni yeye aliyewaandikia ninyi kwamba Gaspar amekiri. Aliwaandikia nilichomwambia mimi.

Nilimwona Gaspar mara moja tu baada ya hapo, alipoletwa mbele ya hakimu na kesi ikaahirishwa. Alikuwa amekonda. Akaniita karani wangu, akaniuliza kama Kiswahili chake ndicho kilichomponza, kama kuna mahali alisema vibaya. Nikamwambia avumilie. Aliharisha damu rumande, akafa siku ya arubaini na moja tangu akamatwe. Wiki tatu baadaye taarifa ya daktari ikaja: Bi Mauwa hakuwa na alama ya mkono wa mtu, alianguka, akazama. Lakini aliyekufa hashitakiwi wala haachiliwi. Jalada likafungwa. Maelezo ya mtu mbele ya polisi hayapokelewi mahakamani kuwa ni kukiri, kwa hiyo hata karatasi ile haikupata kusomwa na mtu wa kuipinga. Imebaki ilivyo.

Kisha ukaja wewe, kijana, kuchukua vitu vyake: shati, rozari, na randa yake ya useremala. Nilikupeleka kaburini, nikakulaza kwangu siku tatu, nawe ukanishukuru. Ulinieleza kwamba kwenu watu wawili wakitafuna kahawa pamoja wamekuwa ndugu. Nikatafuna. Kila mwaka nimeendelea kutafuna.

Jumapili iliyopita nilikwenda Tabata, kwenye shamba la Mzee Projestus. Nilimwambia yote niliyokuandikia. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe masikio yangu yalikuwa mazima." Hakunipa mkono, wala sikumdai. Ila amekubali kuweka jina lake hapa chini kama shahidi wa alichokisikia asubuhi ile. Nakala ya barua hii naipeleka kwa mkuu wa polisi mjini. Wakiniita nitakwenda.

Swali lako lina jibu hili. Gaspar hakukiri. Aliingia kisimani kumtoa mama aliyemwita mshenzi wake, akaeleza hivyo kwa neno la wavuvi wa kwao, na karani akamgeuza muuaji, kwanza kwa haraka, kisha kwa hofu. Wapelekee wazee wa kijana barua hii. Lakini nakuomba jambo moja, wasipewe waisome kwa macho. Wakusanye, na Kokuberwa awepo, na Genoveva, uwasomee kwa sauti. Kwa macho maneno yale mawili hukaribiana sana. Ukiyatamka kila mmoja atayasikia, na kaka yako atakuwa amesomewa.

Mkebe wa kahawa nitaurudisha kwa meli na treni kama ulivyokuja. Ukiona vema kuuleta tena kwangu, nitajua. Usipouleta, nitajua pia. Chausiku anawasalimu, hajui bado, nitamwambia leo baada ya kufunga bahasha. Mfikishie Kokuberwa salamu zangu ikiwa atakubali kuzipokea. Mungu awape afya na Genoveva apate nyumba njema.

Maelezo haya yamesomwa tena kwa sauti, kutoka mwanzo hadi mwisho, nami niliyeyatoa nimekubali kuwa ni sahihi.

Bakari bin Mwishehe

Shahidi: Projestus, seremala, Tabata