Sarafu ya Tembo na Kitabu cha Bei

Itaka, 4 Machi 1954

Kwa mpwa wangu Aida, huko Ndola,

Marahaba, kabla hata hujaniamkia. Huku tu wazima, isipokuwa mama yako Marta na mguu wake. Mimi sina nafasi hata ya kuugua, maana Bwana Shauri wa Mbeya hafungui baraza bila kuuliza, "Anania amefika?" Dhahabu yote ya Chunya ilipita mbele ya macho haya.

Ukurasa wa kitabu cha bei ulioninakilia nimeupata. Sarafu ya dhahabu ya Mjerumani yenye tembo: iliyochakaa shilingi tisini, nzuri mia na sitini, yenye uso kama mpya mia tatu. Hii aliyokuachia marehemu baba yako, ninayokutunzia, ni ya mia tatu, naapa! Nilimpelekea mfanyabiashara mmoja pale Tunduma. Akaitupa kwenye mizani kama chumvi, akasema sabini, bei ya dhahabu tupu. Mwizi! Nimeifunika karatasi nikapaka penseli juu, picha yake ndiyo hii. Mwonyeshe mwenye kitabu.

Mjomba wako,
Anania

Ndola, 2 Aprili 1954

Shikamoo mjomba,

Mguu wa mama unaendeleaje? Sisi tunapumua, Mungu asifiwe.

Bwana Osea, mwenye kitabu, aliitazama picha yako kwa kioo chake, akacheka. "Tembo huyu pembe zake ziko wapi?" Mjomba, pembe hizo nilizipapasa kwa ukucha nikiwa nimepakatwa na baba. Anasema huenda ni sarafu ya bandia. Na mwenye cherehani ninayotaka kununua amekubali kuniwekea mpaka mwisho wa Juni tu. Bila sarafu hiyo siipati. Niambie kweli, ni ileile?

Mpwa wako,
Aida

Itaka, 18 Aprili 1954

Aida,

Salamu. Mguu umepoa.

Huyo Osea ni wa ukoo gani? Na aliyeandika hicho kitabu aliwahi kufika Itaka? Wanataka uiuze kwa bei ya karanga, kisha wanunue wao wenyewe. Mimi nimeua tembo kumi na mmoja kule Msangano, na wawili hawakuwa na pembe kabisa! Usiniulize tena habari hii.

Mjomba wako mkubwa,
Anania

Ndola, 30 Mei 1954

Shikamoo mjomba. Hamjambo nyumbani?

Nimemwandikia Mzee Boazi wa kanisani kwenu. Jumapili, tarehe 20 Juni, atakuja kwako pamoja na mama kuichukua sarafu. Kama umeibadili, nitakusamehe siku moja, lakini si mwaka huu.

Aida

Itaka, 18 Juni 1954

Mwanangu Aida,

Nakusalimu, wewe na wote walio nyumbani kwako. Keshokutwa nitampa Boazi sarafu mkononi. Lakini wewe uipate kweli kutoka kwangu.

Ni ileile ya baba yako. Siku ukurasa ulipofika ilikuwa imefifia kwa uchafu wa miaka. Nikasema, kwa nini tukae kwenye bei ya katikati, sisi ni watu wa katikati? Nikaisugua kwa mchanga na majivu, kama sufuria, siku mbili nzima. Iling'aa, Aida! Nikaimba. Yule wa Tunduma hakuwa mwizi.

Na nilipoipaka penseli, pembe zikakataa kutokea, nilikwenda dukani nikanunua penseli nyingine.

Mjomba wako,
Anania