Diski Nzito na Mzee Mwishehe

Jumatatu, 9 Mei 1983, Kibaha

Kompyuta ya ofisi nzito tena leo. Kadi za wakulima wa korosho wa Magindu, ambazo mwaka jana tungezimaliza kabla ya chakula cha mchana, mpaka jioni bado. Unaandika jina la mtu, unabonyeza, unasubiri. Unasubiri! Diski kubwa inanguruma pale kwenye kona kama friji bovu, halafu ndiyo inakubali.

Mzee Mwishehe yeye anaweka mikono mapajani na kungoja. Nikamuuliza ina nini. Akasema inatafuta pa kuweka. Kivipi, hajui — anasikia tu mlio wake. Ndiye aliyenifundisha kompyuta nilipotoka shule, na hajawahi kunipandishia sauti.

Ndugu Anselmi, mkuu wetu, akapita akamkuta amekaa hivyo.  Akatazama saa yake, akaondoka.

Alhamisi, 12 Mei

Kikao. Ripoti ya korosho imechelewa, makao makuu wanapiga simu. Ndugu Anselmi akasema mashine ni ileile, umeme upo, kadi hazijaongezeka. Basi kuna mtu anachelewesha kwa makusudi. Na akalitaja neno lenyewe — hujuma. Mwaka huu wa msako wa wahujumu! Watu wanachukuliwa kwa katoni ya sabuni iliyofichwa ndani, yeye analitamka kama anaagiza chai.

Nikasimama nikasema diski ni nzito kwa kila anayeikalia, hata mimi. Akaniambia nikae. Alikuwa anamtazama Mzee Mwishehe. Mzee hakujitetea. Alisema tu kwamba anafanya kazi kama siku zote.

Jumamosi, 14 Mei

Wamemchukua.

Watu wawili, Landrova, saa ya chai. Wapole tu. Mzee alikuwa pekupeku — kwenye chumba cha mashine huwa anavua viatu, vumbi lisiingie — wakamngoja avivae. Akafunga kamba taratibu, moja, halafu nyingine. Akanigeukia.

"Mwanangu, kadi za Soga hazijaingia. Ziingize."

Basi. Nilisimama dirishani mpaka gari likaingia barabara ya Morogoro.

Mume wangu Hemedi anasema nisijitie, tuna watoto.  Nimepika, sikula.

Jumanne, 17 Mei

Kama si mtu, ni kitu. Na kitu kinaweza kutafutwa.

Nimeanza na kusoma. Nikaita majina ya zamani — yakaja upesi, bila shida. Kisha kuandika: pale pale, nzito. Kwa hiyo si umeme, wala si waya. Ugonjwa uko kwenye kuandika tu.

Nikaitoa ile diski, nikafunga ya akiba, ambayo ni tupu. Nikaingiza kadi za Soga. Ziliingia haraka hata sikuamini, nikarudia. Mashine ileile, kadi zilezile, na mikono ni yangu.

Nilikaa chini sakafuni nikalia. Sijui kama ilikuwa furaha.

Ijumaa, 20 Mei

Leo nimeiambia mashine inichapie ramani ya diski nzima, inionyeshe palipojaa na palipo wazi. Nafasi ipo, lakini imekatikakatika. Kila tulipomfuta mkulima aliyehama au aliyekufa, palibaki kitundu. Kila tulipomwingiza mpya, habari zake zikamegwa zikatiwa vitunduni, kidogo hapa, kidogo kule. Kile kichwa cha chuma kinachoandika kinahangaika diski nzima kutafuta vitundu hivyo. Mzee aliyasikia hayo kwa masikio tu.

Hakuna aliyekosa. Hakuna hata mmoja! Tumefanya kazi miaka, diski imejaa, basi.

Nikampelekea Ndugu Anselmi. Alisoma yote, akauliza maswali ya maana. Akaniruhusu ninakili kila kitu kwenye tepu, tuifute diski, turudishe kwa mpangilio. Alikuwa mwepesi kukubali hata nikapata moyo.

"Na Mzee Mwishehe?" nikauliza.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Swaumu, jina lake limeshakwenda. Mimi siwezi kulirudisha."

Nikamwambia anaweza kuandika, kueleza. Akasema akieleza ataulizwa kwa nini alilipeleka. Naye anaogopa. Nimeliona hilo usoni mwake, na sikujua nimchukie vipi mtu anayeogopa.

Jumatano, 25 Mei

Imepona. Kadi zote zimeingia kabla ya mchana, za Kwala nazo. Wenzangu wakapiga makofi. Nikaenda kusimama nje.

Jumamosi, 4 Juni

Wamemwachia, kumbe tangu wiki iliyopita. Hakuna kesi, hakuna maelezo. Kazini harudi. Ndugu Anselmi alitueleza kwa sentensi moja, kisha akaulizia ripoti.

Jumapili, 5 Juni, Kisarawe

Nimetoka alfajiri, basi mpaka mjini, jingine kupitia Pugu. Hemedi hakunizuia. Alinipa sukari kidogo nimpelekee mzee.

Naandika nimekaa mkekani uani kwa Mzee Mwishehe, mikono ipate kazi. Bi Mwanamkuu, mke wake, amenipokea vizuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanishika kichwa kama mtoto. Sukari aliitazama kwanza, akaifunika kwa upande wa khanga. Anasema siku ile habari zilipofika alitumbukiza chooni hata sabuni zake mbili za kufulia, wasije wakapekua. Na mzee tangu arudi hatoki. Ijumaa haendi msikitini. Chakula anakula chumbani. Gari likipita anasimama nyuma ya mlango mpaka mlio uishe.

Nikamwambia nimekuja kumweleza kwamba tumejua ilikuwa nini, kwamba si yeye, hakuwa yeye hata kidogo. Bi Mwanamkuu akasema ngoja nimwambie.

Yuko ndani sasa. Ukuta ni wa udongo, nasikia. Anamwambia ni Swaumu, yule wa kazini kwenu.



Kisha sauti ya mzee, ya chini mno, karibu nisiitambue:

"Kaja peke yake?"

Bi Mwanamkuu anasema peke yake.

"Umetazama barabarani?"

Mlango unafunguka. Nimenyanyuka nikidhani ndiyo naitwa. Bi Mwanamkuu ananipita bila kunitazama, anakwenda barabarani kuangalia.