Mafuta ya Nyonyo Kwenye Breki

Jumanne, usiku.

Mikono bado inanuka mafuta ya nyonyo, na nimeinawa kwa majivu.

Lori analoendesha mwanangu Enoki lilikuwa linalia kila likienda polepole kutaka kusimama, kama nguruwe anayeshikwa. Leo amefungua gurudumu akanionyesha: vumbi la njia ya Itaka limeganda kwenye vile vipande vinavyobana. Akaenda kuomba petroli ya kusafishia.

Mimi najua mlango ukilia hupakwa mafuta. Nikapaka.

Aliporudi alinusa tu. "Mama, nani kakutuma?"

"Si lilikuwa linalia, baba?"

"Breki inashika kwa kukwaruza. Ukiipaka mafuta unanizika."

Akaosha, akapiga msasa, akaosha tena mpaka jua likazama. Kisha akasema, "Panda, mama, ujionee." Tukateremka kilima cha kanisani. Halikulia, na likasimama. Miguu yangu yote miwili ilikuwa inakanyaga sakafu.

Lakini lilikuwa tupu. Kesho anateremka nalo Kamsamba na magunia ya chumvi. Ee Mungu, kama kuna tone nililobakiza mle ndani...