Namba Zilizoruka

Hoteli ya Oltmanns, Norddeich
Jumanne, tarehe 7 Novemba

Kwa kaka yangu Focko,

Pokea salamu zangu, na mkeo Annegret umpe zake kando, maana yeye hajanikosea kitu. Natumai goti lako limepona tangu upasuaji, na watoto wanaendelea vizuri na masomo. Huku mimi ni mzima wa mwili. Upepo wa wiki iliyopita uling'oa vigae vinne upande wa jikoni, lakini fundi keshavirudisha. Wageni ni wachache kama kila Novemba: wazee wawili kutoka Bochum, na mwalimu mmoja aliyekuja kuhesabu ndege.

Nimetanguliza salamu kwa sababu mama alitulea hivyo. Lakini nina hasira, Focko, imenijaa mpaka kooni, na safari hii utanisikiliza hadi mwisho. Kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Unakumbuka Aprili uliponiambia kwamba umeshanunua programu mpya ya hoteli. Hukuniuliza, ulinitangazia. Ulisema ile ya zamani haifai tena kwa sheria za kutunza vitabu vya hesabu kwenye kompyuta: kilichoingizwa kisifutike bila kuacha alama, kila mtu awe na neno lake la siri, na kazi yote iandikwe kwenye karatasi, tangu mgeni anapopiga simu mpaka bili yake inapowekwa kabatini. Bibi Ubbens, mshauri wetu wa kodi, alikuwa ananiambia hayo hayo kwa miaka mitano, nami nikimwitikia ndiyo, ndiyo, huku namwongezea chai.

Yule mama wa kampuni ya programu alinifundisha kwa skrini saa mbili nzima. Nikamwuliza kitufe cha kufuta kiko wapi. Akasema hakipo. Nikamwuliza je, nikikosea? Akasema unabatilisha, halafu unaandika upya, na kosa lako linabaki pale pale na jina lako na saa yake. Nikamwambia hata mchungaji wetu hututangazia kwamba tumefutiwa dhambi. Akanijibu eti mchungaji hakaguliwi na ofisi ya kodi. Tulicheka, lakini mimi nilicheka kwa shingo upande.

Kisha Bibi Ubbens akaja tuandike hayo maelezo ya kazi. Akauliza nani anaingiza bili kwenye kompyuta. Nikasema Tomma, yuko mapokezi. Kwa neno la siri la nani? La Tomma. Na wewe Theda ukikaa pale? La Tomma. Na mpishi akishika zamu? La Tomma pia, limeandikwa kwenye kikaratasi cha njano kilichobandikwa ubavuni mwa skrini. Bibi Ubbens akaweka kalamu chini, akasema, “Mwanangu, kwa hiyo kwa mujibu wa kompyuta, hoteli hii ina mfanyakazi mmoja tu, asiyelala usiku wala mchana.” Wewe umekulia hapa, unajua tulivyo. Ufunguo wa mlango wa nyuma unaning'inia kwenye msumari tangu enzi za baba, na jirani akitaka mayai anaingia na kuyachukua. Nani angefikiria kuficha neno la siri?

Septemba akaja mkaguzi wa kodi, Bwana Brüning, mtu mpole mwenye sauti ya kuombea radhi. Alitaka rekodi zote za miaka mitatu kutoka kwenye programu ya zamani. Akakaa chumba cha kifungua kinywa siku nne, hakuchukua hata biskuti. Siku ya tano akaniita. Bili hufuatana kwa namba, akasema, na kwetu namba sitini na tatu zimeruka. Bili zilitolewa, kisha zikafutwa, na wageni wote walilipa taslimu. Programu ile haikutunza bili zenyewe, ila ilitunza orodha yenye tarehe, saa, fedha na jina la aliyefuta. Kwenye orodha nzima kulikuwa na jina moja. Akasema kwa upole ule ule kwamba tusipokuwa na maelezo, atakadiria mwenyewe tulichoficha, na tutalipa kodi yake kwa miaka yote mitatu.

Nilikupigia mchana ule ule. Hukuniuliza habari zangu. Ulisema Tomma ni mwizi. Ulisema tumefuga nyoka, na kwamba mimi nilikuwa nimesinzia juu ya kiti cha baba. Ukasema nusu ya hoteli ni yako, na kama siwezi kukaa macho utaleta meneja kutoka Hamburg, mimi niende nikakunje mashuka. Maneno hayo nimeyaweka, Focko. Nimekunja mashuka ya nyumba hii tangu nina miaka tisa, wakati wewe ulikuwa unapelekwa mazoezi ya mpira.

Ukataka Tomma aitwe, nawe uwe kwenye spika ya simu. Tulimweka kwenye kile kiti kigumu cha ofisini, ile orodha mbele yake, yeye aliyeingia nyumba hii miaka ishirini na miwili iliyopita. Tomma ndiye aliyemwogesha mama miezi yake ya mwisho, ulipokuja mara mbili tu, na mara zote mbili ukakaa unatazama saa. Ulimfokea kama mtu anayefokea mbwa aliyekojoa sebuleni. Akasema hakuchukua hata senti moja. Ukamwambia thibitisha. Wakili wako akaandika barua ya kumfukuza na mimi nikaitia sahihi. Mpaka leo, akiingia kwa muuza mikate, watu wanageuza mazungumzo kuwa ya hali ya hewa.

Na hukuuliza hata tarehe. Hilo ndilo linalonichemsha. Umesoma uhasibu, unavaa tai, unatufundisha sheria kutoka München, na hukuwahi kuikunjua ile nakala ya orodha niliyokutumia ukaona bili zile zilifutwa siku gani. Zote sitini na tatu ni za Jumapili. Jumapili Tomma hayupo. Anaimba kwaya asubuhi, kisha anakwenda Aurich kwa mama yake mpaka Jumatatu.

Jumapili nakaa mimi.

Nilizifuta mimi, Focko. Hakuna aliyeiba. Unajua wageni walivyo wakati wa kuondoka: huyu anataka jina la kampuni liandikwe, yule anasema anwani imekosewa, mwingine kifungua kinywa kitengwe na chumba kwa ajili ya mwajiri wake. Foleni imefika mlangoni, teksi inapiga honi. Mimi nafuta bili ya kwanza, naandika nyingine yenye fedha zile zile, mgeni anakwenda zake. Ilinichukua dakika chache tu. Niliona nafanya usafi, ndivyo nilivyokuwa nawaza, kama kufuta vumbi mezani. Na kompyuta ilikuwa imefunguliwa kwa jina la Tomma, kwa sababu siku zote ilikuwa imefunguliwa kwa jina la Tomma.

Nilijua tangu Bwana Brüning alipofunua ile orodha. Sitaki uniwazie kwamba niligundua baadaye. Nilisimama pale na sinia mkononi na nikajua. Nilikupigia nikiwa nataka kukuambia, ukaanza na nyoka na kiti cha baba na meneja wa Hamburg, nikameza. Niliona afadhali afukuzwe yeye kuliko nifukuzwe mimi. Hilo nalisema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na hasira yote niliyokumwagia hapo juu, ingawa unaistahili, nusu yake ni yangu mwenyewe.

Kuna jambo hukulisikia siku ile, maana ulikuwa unapiga kelele. Ulipomwuliza Tomma kama si yeye ni nani, hakukujibu wewe. Aligeuka akaniangalia mimi, akasema polepole, “Theda?” Nami nikashika kalamu, nikaandika tarehe ya siku ile juu ya karatasi.

Mwezi uliopita nilianza kushuka kwenye chumba cha mashuka kila mchana na kitabu chetu cha zamani cha kupokelea wageni, pamoja na ile orodha na nakala za bili zilizobaki. Kila namba iliyoruka nimeipata na mwenzake: mgeni yule yule, chumba kile kile, fedha zile zile, bili mpya baada ya dakika tatu au tano. Zimetimia sitini na tatu. Jana nimempelekea Bwana Brüning, pamoja na barua yenye jina langu na sahihi yangu. Alisoma yote akiwa amesimama. Akasema inaelekea kuaminika, ila atahakiki kila moja. Kisha akaniuliza kwa nini sikusema Septemba. Nikamwambia niliogopa kaka yangu. Akayaandika na hayo.

Nilipotoka kwake nilikwenda kwa Tomma. Alinifungulia mlango, lakini hakunikaribisha ndani, wala hakuweka birika, na wewe unajua katika mji huu maana yake nini mtu anapokuacha barazani bila chai. Nikamweleza yote. Nikamwomba msamaha na kumwambia kazi yake ipo, na mshahara wa wiki zote hizi. Alinisikiliza akiwa ameshika komeo. Akasema alijua tangu siku ile ile, ofisini, alipoona kwenye orodha kwamba tarehe zote ni za Jumapili. Nikamwuliza kwa nini hakusema, kwa nini hakwenda mahakamani, kesi angeshinda. Akasema mahakamani wangemwambia tu kwamba si mwizi, na hilo analijua. Alitaka kuona mimi nitachukua siku ngapi.

“Arobaini na saba, Theda,” akasema. Akafunga mlango taratibu.

Harudi, Focko, na sitamlaumu. Mshahara wake nitaupeleka, na barua ya kumsafisha nimeibandika mapokezi, nakala nimempa mchungaji na muuza mikate. Meneja wako wa Hamburg mlete ukitaka, sitagombana naye. Lakini kabla ya hapo utapanda treni uje hapa, usimame kwenye baraza ile niliyosimama mimi, na umwombe radhi Tomma kwa sauti ile ile uliyomfokea nayo. Simu haitoshi.

Wabusu watoto, na goti ulitunze. Chumba namba nne nimekuwekea tayari.

Ni mimi dada yako,
Theda