Kitambaa cha Mtoto Kwenye Injini

Baba mtoto wangu mpenzi,

Sisi wazima. Mwanao ameota jino la pili, ananing'ata bila huruma.

Gari lako lilianza kutoa moshi mweusi na kunuka petroli. Nililia, nikajua nimekuulia injini kabla hujarudi. Nikamwita fundi, akachomoa plagi, zimejaa masizi.

"Mama, inakunywa mafuta mengi, hewa haipati."

Akafungua chujio la hewa, akavuta kitambaa cha mtoto.

"Nani kalifunika chujio hili?"

Ni mimi, mume wangu. Niliogopa vumbi, nikalifunika kama ninavyomfunika mwanao. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Injini nzima kabisa, moshi umekwisha!

Kitambaa nimekifua. Wewe rudi tu, sitakuziba pua.

Mkeo, fundi mwanafunzi